Alichonong'onezwa Marehemu Catello

Napoli, 14 Septemba 1961

Mdogo wangu Nunziata,

Sisi huku hatujambo, na kama wewe na shemeji Ettore mnapumua huko Torino, basi tumshukuru Mungu tuendelee. Titina ameng'oka jino la mbele na sasa anapiga mluzi kanisani bila kukusudia. Donna Peppina wa ghorofa ya chini bado anaumwa miguu, na bado anapanda ngazi kila siku kuja kunieleza inavyomuuma. Catello yumo karakana, anaitia mkono mpya sanamu ya Mtakatifu Biagio ya parokia ya jirani. Ule wa zamani umeliwa na mchwa hadi kiwiko.

Sasa niseme linalonikaa kooni. Tangu wale watu wa filamu wafunge taa zao wakaondoka, na wewe ukapanda treni siku ya pili yake, uchochoro huu hauna habari nyingine. Mimi sina kinyongo kwamba walikuchagua wewe. Mwongozaji alitaka mwanamke wa kulia, akatupanga kumi na wanne hapa uani, kila mmoja alie kwa zamu. Nililia vizuri, waliokuwepo ni mashahidi. Lakini alisema nalia kama mtu anayegombana na marehemu. Sawa. Akakuchukua wewe, mgeni wa wiki mbili, uwe mjane. Na maiti akamchagua mume wangu, kwa kuwa walimkuta amelala chali kwenye benchi saa nane mchana, mikono kifuani, wakadhani amekufa kweli.

Hata hilo sina kinyongo nalo. Hadithi yenyewe ni ya kichaa: mtengeneza kofia anaota anaiba, akiamka anakuta mali za watu uvunguni mwa kitanda, na hajui kama ameamka au bado anaota. Siku moja anaota amemuua sonara, na asubuhi sonara kweli yumo jenezani, yaani Catello, na mjane anamlilia, yaani wewe. Mchezo ni mchezo.

Ninachouliza ni hiki. Mwongozaji alisema lia, ukalia. Alisema mbusu kwenye paji la uso, ukambusu. Hakusema mnong'oneze. Wewe ukainama, ukaweka mdomo kwenye sikio la mume wangu, ukanong'ona kwa muda wa Baba Yetu mbili. Nilisimama hatua tatu kutoka hapo, nikazisali zote mbili. Ulimwambia nini?

Nimemwuliza mwenyewe. Anasema, "Ersilia, mimi nilikuwa maiti. Maiti hasikii kitu."

Msalimie Ettore.

Dada yako,
Ersilia

*

Torino, 20 Oktoba 1961

Dada mpendwa,

Nisamehe kwa kuchelewa kujibu. Huku ukungu umeshaanza, asubuhi mtu haoni mkono wake mwenyewe. Mimi sijambo. Ettore hajambo, anakusalimu sana. Mpe Titina busu na umwambie jino jipya litakuwa kubwa kuliko la zamani, asiogope. Donna Peppina mpe pole ya mguu wa kulia. Ya kushoto nitampa barua ijayo, nisimalize zote mara moja.

Kuhusu ile siku ya filamu, dada, nimecheka peke yangu. Kumbe hata akiwa jenezani unamwonea wivu? Wake wengine hungoja mume afe ndipo wapumzike. Yale yalikuwa maneno ya kilio tu, maneno anayosema mjane yeyote, wala siyakumbuki. Lilikuwepo joto, taa zilikuwa kali, na wewe unanijua, nikianza kulia sijui pa kukomea.

Barua zako nitumie kwa anwani iliyo nyuma ya bahasha, kwa Bibi Bosio wa duka la kufulia nguo. Sanduku la barua la jengo letu limevunjika na hakuna anayejali kulitengeneza.

Msalimie shemeji. Mwambie amsalimie Mtakatifu Biagio kwa mkono wake mpya.

Nunziata

*

Napoli, 3 Novemba 1961

Nunziata,

Tuko wazima. Jana Siku ya Marehemu tulikwenda kaburini kwa mama, nikapangusa picha yake na kumbadilishia maua. Nilimwambia habari zako, nilizo nazo, ambazo si nyingi.

Wiki iliyopita tulimzika Don Saverio mwoka mikate. Jeneza halijafungwa, wanawake walipanga mstari kumnong'oneza salamu za kupeleka kwa watu wao huko aendako. Donna Peppina alikaa sikioni mwake mpaka padre akakohoa. Alikuwa akimweleza miguu, nadhani, amfikishie marehemu dada yake.

Sasa sikiliza. Alfajiri ya Alhamisi ya wiki hiyo niliota Catello yumo jenezani na wewe unamlilia, uchi kama ulivyozaliwa. Niliamka jasho linanitiririka. Kulipokucha nikaenda kwa Don Liborio wa bahati nasibu, akafungua kitabu chake cha ndoto: maiti ni arobaini na saba, kilio ni sitini na tano, mwanamke uchi ni ishirini na moja. Nikacheza zote tatu. Jumamosi, Nunziata, zikatoka arobaini na saba na sitini na tano. Don Liborio alinipongeza, nikanunua kahawa na viatu vya Titina, na kahawa yenyewe ikanishinda kunywa.

Kwa sababu wewe umezaliwa hapa, wala huhitaji kuelezwa. Ndoto ambayo namba zake zimetoka si ndoto tena, ni habari.

Ile ishirini na moja haikutoka. Mahali pake ilitoka hamsini na mbili, ambayo ni mama. Sijui mama alitafuta nini humo.

Nitasema jambo ambalo miaka kumi na tano hatujalisema. Catello alikuja nyumbani kwa ajili yako. Alileta yule malaika wa mbao, akakaa ukingoni mwa kiti kama mtu aliyekuja kuomba kazi. Ukasema huwezi kulala kitanda kimoja na mtu anayenuka gundi. Mimi nikasema gundi hainisumbui. Nimeishi na harufu hiyo tangu siku ile, na sijawahi kujua kama yeye aliishi nami au aliishi na jibu lako. Kwa hiyo usiniambie ni maneno ya kilio tu. Nimeona wivu, ndiyo. Naona wivu nikikata nyanya, naona wivu nikisuka nywele za mtoto. Ulimwambia nini?

Ersilia

*

Torino, 12 Desemba 1961

Dada,

Nimesoma barua yako mara moja tu, sikuweza ya pili.

Nilikuja kwako nikiwa nimevaa nguo na viatu, na nikaondoka hivyo hivyo. Hata namba zako zinasema: ishirini na moja haikutoka. Basi kwa ushahidi wa Don Liborio mwenyewe, mimi nimevaa nguo.

Mumeo ni wako. Angekuwa wangu, ningekuwa na maisha mengine, lakini mtu hawezi kulilia chakula alichokisukuma mwenyewe. Nililomwambia halikuhusu wewe wala yeye. Usiniulize tena, nakuomba.

Baridi ya mwaka huu hainisumbui sana. Ettore anakusalimu. Krismasi njema, na ile keki yako ya ngano ukiipika siku ya Pasaka, nikumbukeni.

Nunziata

*

Napoli, 7 Januari 1962

Nunziata,

Titina ana kikohozi lakini si kibaya. Salamu zimekwisha.

Nyumbani kwangu ameingia mwizi. Blanketi la mama, lile la sufu lenye mistari ya buluu, lililokaa kwenye kasha na dawa ya nondo tangu tumzike, halipo. Nilifungua kasha ili nimfunike mtoto kifua, nikakuta mto wa zamani umekunjwa vizuri mahali pake, kama vile mimi ni kipofu. Nikamwita Catello. Akaja na brashi yake mkononi, akatazama ndani ya kasha, akakuna kichwa, akasema, "Labda nimeliiba usingizini, kama yule wa kofia." Akapiga magoti kabisa, akaangalia uvunguni mwa kitanda. Nikamwambia, "Na mimi labda nitakupiga usingizini." Akasema, "Hiyo nitajua ni kweli."

Jumatatu nikaipata stakabadhi ya posta. Alikuwa ameificha ndani ya Mtakatifu Biagio, mle mlimoliwa na mchwa. Kifurushi kimoja, Torino, kwa Bibi Bosio. Tarehe ishirini na tatu Novemba. Ndiyo maana baridi haikusumbui.

Sasa nieleze, wewe uliyevaa nguo na viatu. Mwanamke mwenye mume kitandani anatumiwaje blanketi na mume wa dada yake? Na huyo Ettore wako yuko wapi katika haya? Zamani alikuwa akiongeza mstari wake chini ya kila barua, kwa zile herufi zake zilizolala. Tangu mwaka jana hajaandika hata nukta. Bila shaka naye ameshajua, naye amekasirika kama mimi. Kikulacho ki nguoni mwako, na mimi kimeninyang'anya hata blanketi.

Nimemtoa Catello chumbani. Analala karakana, kati ya watakatifu. Nilimwambia atarudi siku atakayotamka maneno yale. Akachukua mto, akasema, "Ersilia, kitu alichokabidhiwa maiti hakirudishwi njiani," akashuka ngazi.

Nakupa mpaka Pasaka. Usiponiambia, sina mdogo, na sijui kama nina mume.

Ersilia

*

Napoli, 11 Machi 1962

Nunziata,

Miezi miwili hujajibu. Mama alizoea kusema kimya kingi kina mshindo mkuu. Naungoja mshindo.

Filamu imefika. Jumapili uchochoro mzima tulikwenda sinema, Donna Peppina amebebwa kwenye kiti na vijana wawili kama sanamu ya maandamano. Nilikaa mstari wa tatu. Nilikuwa nimejiandaa kusoma midomo yako. Ukatokea ukutani, mkubwa kama nyumba, na nguo nyeusi niliyokupunguzia kiuno mwenyewe kwa sindano yangu. Ukainama kwenye sikio lake. Na hapo, kwa kuwa wanatia sauti baadaye huko Roma, sauti za watu wengine, ikatoka sauti ya mwanamke nisiyemjua, nzito ya sigara, ikamwuliza marehemu, "Lulu umezificha wapi, mshenzi wewe?" Watu walicheka mpaka mtu mmoja akaanguka kitini. Mimi peke yangu sikucheka.

Kisha wakaonyesha uso wa Catello karibu. Siku ile nilikuwa nimesimama upande wa miguu, sikuweza kuuona. Amefumba macho, hapumui, maiti kamili. Na chozi likatoka chini ya kope likashuka mpaka sikioni. Watu walicheka zaidi, walidhani maiti analilia lulu zake. Na mwongozaji akaliacha humo, kwa nini aliondoe?

Nimerudi kuitazama mara tatu. Ni chozi. Nimeishi na mtu huyu tangu mwaka arobaini na saba. Nilipojifungua hakulia. Babake alipokufa alikwenda kuchonga fremu. Wewe umemtoa chozi kwa Baba Yetu mbili. Hilo ndilo linaloniua, Nunziata. Blanketi nakuachia. Busu la paji la uso nakuachia. Chozi lile nilitaka liwe langu.

Pasaka ni tarehe ishirini na mbili Aprili.

Ersilia

*

Torino, 2 Aprili 1962

Dada Ersilia,

Hujambo, na Titina hajambo, na Donna Peppina hajambo, Mungu akipenda. Hapa chini hutaona salamu za Ettore. Zote nilizokutumia tangu mwaka jana nilizitunga mimi.

Ettore aliondoka siku ya Mtakatifu Yosefu, Machi mwaka jana. Amekwenda Ujerumani na mwanamke wa kantini ya kiwandani. Alichukua redio na saa ya ukutani. Kodi ya nyumba sikuiweza, nikahamia chumba cha nyuma kwa Bibi Bosio, napiga pasi mashuka ya mahoteli. Sanduku la barua halijavunjika, dada. Mlango ndio si wangu tena.

Agosti nilikuja kukwambia. Ule mfuko ulioucheka kwamba ni mzito kwa wiki mbili ulikuwa na nguo zangu zote. Nilifika mchana, mmekaa mezani. Catello alikuwa akimenya tini, moja moja, anaziweka kwenye sahani yako bila wewe kuomba, na wewe unazila huku ukimgombeza Titina, bila hata kumtazama. Ndipo ukaniuliza, "Mbona mumeo amekuachia uje peke yako?" Ulikuwa unacheka. Nikakumbuka siku ya harusi yangu ulivyoniambia, mtu anayetabasamu hata akikanyagwa mguu si wa kuolewa naye. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, na wewe ni mkuu, na mimi nilikuwa nimeshavunjika. Wewe unaandika kwamba umeona wivu. Mimi niliuona mbele yako, nikauona kwa zile tini. Nikasema tu, "Ana kazi nyingi."

Halafu wakaja wale watu na jeneza lao.

Niliambiwa nilie, nikalia kwanza kwa mchezo. Mishumaa ilikuwa ya kweli, maua yalikuwa yale yale tuliyomwekea mama, na yeye amelala pale mweupe kwa unga waliompaka. Nikasahau, dada. Sijui nikuelezeje, nilikuwa kama mtu anayeota akiwa wima. Niliona maiti na jeneza lililo wazi, nikafanya kama tufanyavyo sote. Niliinama nikamwambia, "Mfikishie mama. Mwambie Ettore ameniacha. Mwambie napiga pasi nguo za watu na chumba changu hakina dirisha. Mwambie Ersilia hajui, na naona aibu kumwambia, kwa sababu yeye alichagua vizuri. Mwambie nasikia baridi."

Nilipoinua kichwa nikaona lile chozi, ndipo nikakumbuka kwamba anapumua.

Jioni, anavua koti la sonara, alinijia akasema polepole, "Ujumbe nimeupokea, shemeji. Ila nitachelewa kidogo kuufikisha." Nikamwapisha kwa Mtakatifu Biagio asikwambie. Novemba blanketi likaja, na kipande cha karatasi ndani: "Mama amejibu."

Ndiyo yote. Mficha maradhi kifo humuumbua, mimi nimeumbuliwa na sinema. Mrudishe chumbani kwako, hana kosa. Mimi unaweza kunifuta kama ulivyosema, nitaelewa.

Nunziata

*

Napoli, 8 Aprili 1962

Mdogo wangu,

Barua yako imefika jana. Nimeisoma ngazini, nikaisoma jikoni, nikashuka karakana nikaisoma huko kwa sauti mbele ya Catello na watakatifu wake. Alipaka gundi mpaka nikamaliza, kisha akasema, "Sasa imefika," akachukua mto wake akapanda juu.

Nisikudanganye, wivu haujaisha. Umehama tu. Jana nilimwonea wivu mume wangu kwa kuwa nilidhani wewe unamtaka, na leo namwonea wivu kwa kuwa wewe ulimwambia. Ulikuwa na dada mzima, mwenye masikio mawili, amesimama hatua tatu kutoka hapo, ukaona bora umwambie maiti. Nimelala na neno hilo na limeniuma kuliko ishirini na moja zote za Don Liborio. Lakini nimejiuliza pia ningesema nini, kama ungeniambia mezani siku ile. Najijua. Ningesema, nilikwambia. Ningelisema kabla hujakaa.

Nimekwenda kwa Don Liborio nikamweleza. Anasema namba hazikukosea hata moja: maiti, kilio, mama. Mimi ndiye niliyekuwa namtafuta mwanamke uchi.

Torino kuna treni ya asubuhi. Fika kabla ya Pasaka, ngano ya keki nimeshainunua. Utalala na Titina, na kazi ipo, nina magauni manne ya komunyo na mikono miwili tu. Ettore atatajwa nyumbani kwangu kwa hiari yako tu, mimi nitajitahidi. Kama nikiteleza nikasema nilikwambia, nirushie kitu.

Leo baada ya chakula Catello alilala kwenye benchi lake, chali, mikono kifuani, vile vile kama ndani ya filamu. Nilimtazama kitambo. Kisha nikainama nikamwekea mdomo sikioni, nikamwambia, "Mfikishie mama. Mwambie Nunziata anarudi nyumbani. Mwambie ni mimi niliyemwita, si wewe, asije akachanganya."

Akajibu bila kufumbua macho, "Maiti hasikii kitu." Lakini alisogea, akaniachia nafasi ya kukaa.

Blanketi uje nalo. Usilifue.

Dada yako,
Ersilia